Kule maisha rahisi: rahisi ipi?

Juzi tulimuaga mwenzetu aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Songea. Kila aliyeshika maiki alimwambia yaleyale: una mshahara mzuri, kule maisha rahisi, mwaka wa kwanza tu unajenga. Mimi nimeishi Songea miaka minne, na hilo "rahisi" linanikera kila nikilisikia.

Rahisi ni kitu cha bei ndogo, na pia ni jambo lisilo na ugumu. Hilo kila mtu analijua. Tabu ni kwamba msemaji anakusudia maana ya kwanza, msikilizaji anaondoka na ya pili.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, rakhis, na huko ni neno la sokoni: bei ya chini. Jambo jepesi kulifanya Waarabu huliita sahl, nasi tukalichukua pia, tukapata sahali. Lakini sahali siku hizi utaisikia kwa washairi zaidi kuliko mtaani. Kazi yake tumeibebesha rahisi. Ndiyo maana leo mtihani ni rahisi na nyanya ni rahisi. Methali bado imeishika maana ya zamani: rahisi inavunja upishi. Anayesemwa hapo ni aliyenunua cha bei ya chini, si aliyepika bila jasho.

Sasa nenda nayo Songea. Mwalimu wa serikali wa daraja moja hulipwa sawa huko na Kinondoni, na kodi inaanza kumkata palepale, akivuka shilingi 270,000 kwa mwezi. Uniti ya umeme ni bei ileile, bando ni bei ileile. Petroli ndiyo kabisa: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikitangaza bei kikomo za mwezi, ya Songea huwa juu kuliko ya Dar es Salaam. Kilichoshuka ni kodi ya nyumba, na chakula kinacholimwa hapohapo. Debe la mahindi au maharage baada ya mavuno, hapo kweli mshahara unaonekana.

Na huko kujenga? Tofali za kuchoma zinapatikana jirani, na bei yake itakufurahisha. Bati na saruji vimekuja na lori, na nauli ya lori unailipa wewe. Nimeona kuta nzuri nyekundu zimesimama misimu miwili ya mvua, juu zimefunikwa nyasi zisiliwe na maji, mwenyewe anasubiri bati. Mimi miwani yangu ilipasuka kioo kimoja. Kioo kilitoka Dar es Salaam kwa basi, zaidi ya kilomita 900. Nililipa bei ya Dar es Salaam na ya kifurushi juu yake, na siku nane nilisahihisha madaftari kwa jicho moja.

Neno linalofaa tunalo, ni nafuu. Asili yake ni manufaa, nalo hulinganisha. Mgonjwa akipata nafuu hatusemi amepona, tunasema leo afadhali kuliko jana. Songea ni nafuu kwa chumba, kwa mahindi, kwa asubuhi ya kwenda kazini kwa miguu bila kugombea daladala. Basi mkimuaga mwingine, ndugu zangu, mwambieni kule kuna nafuu, halafu mtajieni nafuu ya nini, ili bati anunue kabla hajaondoka.