Diski imejaa, lakini aliyeijaza haonekani

Saa nane usiku simu iliita. Kijana wa zamu alikuwa ameketi mbele ya seva ya databesi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kujaribu kila analolijua. "Kaka, diski imejaa. Nimefuta logi kubwa kuliko zote, lakini df bado inasema asilimia 100. Niizime niiwashe?" Logi ni faili ambamo huduma huandika matukio yake, na df ni amri inayoonyesha nafasi ya diski iliyotumika.

Nilimwomba asiiguse kwanza. Nilikuwa na hakika karibu kamili kwamba akiizima na kuiwasha nafasi yote itarudi, na hicho ndicho nilichokiogopa. Seva ingeamka nzima, sote tungerudi kulala, na baada ya wiki chache tungepigiana simu tena saa ileile bila kujua kilichotupata. Zaidi ya hapo, databesi iliyokosa nafasi ikiwa katikati ya kuandika haistahili kukatwa ghafla. Ipe nafasi ya kupumua kwanza, mengine yafuate.

Nikamwambia aendeshe amri mbili, moja baada ya nyingine:

df -h /var
du -shx /var

Ya kwanza ilisema gigabaiti 57 zimetumika katika partisheni (sehemu ya diski) ya 60, na zilizobaki ni sifuri. Ya pili ilihesabu 19 tu. Kuna gigabaiti 38 ambazo mfumo wa faili unakiri kuzibeba, ilhali ukipita saraka zote huzikuti popote. Tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe, na wasimamizi wengi huipita kwa sababu wamezoea kuendesha moja tu kati ya amri hizo.

df haihesabu mafaili. Inauliza mfumo wa faili: katika daftari lako, vitalu vingapi, yaani vipande vya nafasi ya diski, vimeshikwa? du haina habari na daftari hilo. Inatembea saraka kwa saraka na kujumlisha ukubwa wa kila jina inalokutana nalo. Kwa hiyo zikipishana sana, kuna data iliyoandikwa kwenye daftari lakini haina jina la kuifikia.

Data itakosaje jina? Katika Linux, kama ilivyokuwa katika Unix kabla yake, jina la faili si faili. Faili lenyewe ni inodi, yaani kumbukumbu ndogo inayobeba ukubwa, mmiliki, ruhusa na mahali vitalu vyake vilipo. Jina ni mstari tu ndani ya saraka unaoelekeza kwenye inodi fulani. Amri ya rm inafuta huo mstari. Vitalu vinaachiwa pale tu masharti mawili yanapotimia: pasiwe na jina hata moja linaloelekeza kwenye inodi, na pasiwe na prosesi (programu inayoendeshwa) hata moja iliyolifungua faili hilo. Kijana wetu alitimiza sharti la kwanza. Huduma iliyokuwa ikiandika logi ile ilikuwa bado imeishika mkononi, na ilikuwa inaendelea kuiandikia. Alikuwa amelifanya faili lisionekane huku likizidi kunenepa.

Amri ya kuyasaka mafaili ya namna hii ni lsof +L1. Inaonyesha mafaili yaliyofunguliwa ambayo idadi ya majina yake imeshuka chini ya moja. Mstari tuliokuwa tukiutafuta ulikuwa wa kwanza: prosesi namba 2417, kishikio namba 7, ukubwa baiti 40,811,626,496, na kwenye safu ya idadi ya majina, sifuri.

Hapa ndipo nampenda sana Linux. Chini ya /proc, kila prosesi ina saraka yake, na ndani yake kuna fd, penye vishikio vyote vya mafaili iliyoyafungua. Faili lisilo na jina kwingine kokote bado lina mlango pale. Kabla ya kulifuta nilitaka kujua lina nini, tukachota mwisho wake na kuuweka kwenye partisheni nyingine yenye nafasi:

tail -n 2000 /proc/2417/fd/7 > /root/ushahidi.txt

Ndiyo maana nasema usikimbilie kuzima. Prosesi ikifa, mlango huo unafungwa na yaliyomo yanapotea moja kwa moja. Kwa njia hiihii nimewahi kurudisha faili la mipangilio lililofutwa kwa bahati mbaya huduma ikiwa bado inalisoma: cp kutoka /proc, likarudi zima.

Baada ya hapo tukalikausha faili bila kuigusa huduma:

: > /proc/2417/fd/7

df ikashuka hadi 19 papo hapo, na databesi ikaanza kuandika. Angalizo moja: njia hii hufanya kazi vizuri ikiwa huduma ilifungua logi kwa mtindo wa kuongeza mwishoni. Ikiwa ilifungua kwa mtindo wa kawaida, inakumbuka ilipofika, na mwandiko unaofuata utaanzia baiti ya bilioni arobaini. Faili litaonekana kubwa kama zamani ingawa sehemu yake kubwa ni shimo tupu lisilochukua vitalu. Usishtuke, linganisha ls -l na du juu ya faili hilohilo utaona ukweli.

Ile mistari 2000 ilitueleza mengine. Yote ilikuwa ya kiwango cha uchunguzi wa kina. Mtu alikipandisha siku alipokuwa akitafuta hitilafu fulani, hitilafu ikapatikana, kiwango hakikushushwa. Na kwa kuwa huduma ilikuwa imehamishiwa kwenye saraka mpya, logrotate, programu inayozungusha logi ili zisijaze diski, haikuwa na kanuni ya kuigusa. Hizo ndizo sababu mbili za usiku ule, na zote zingepotea na prosesi.

Kuhusu logrotate, nina msimamo. Kuna njia mbili za kuzungusha logi. Moja inabadilisha jina la faili, inaunda jipya, kisha inaiambia huduma kwa ishara ifunge la zamani na kufungua jipya. Nyingine, copytruncate, inanakili faili lote kisha inalikausha la asili. Watu wanaipenda hii ya pili kwa sababu haihitaji kuelewana na huduma. Lakini kati ya kunakili na kukausha kuna mwanya ambamo mistari inaweza kupotea, na kunakili kunahitaji nafasi ya nakala nzima, yaani inashindwa siku ileile unayoihitaji kuliko siku zote. Kama huduma yako inaelewa ishara, tumia ishara. Ukisahau kuituma, utajitengenezea upya tatizo lilelile la faili lililobadilishwa jina, likafutwa, na bado limeshikwa. Kagua kanuni yako kwa logrotate -d, ambayo inaeleza itakachofanya bila kukifanya. Weka pia maxsize, ukijua kwamba ukubwa huo unaangaliwa tu wakati logrotate inapoendeshwa, kwa kawaida mara moja kwa siku. Logi inayomimina gigabaiti 10 kwa saa haitaisubiri.

Si kila diski inayogoma ina faili lisiloonekana. Nyingine ina nafasi tele na bado inakataa kwa kosa namba 28, lile la kukosa nafasi. Hapo endesha df -i, inayohesabu inodi badala ya vitalu. Katika mfumo wa faili wa ext4 idadi ya inodi hupangwa siku ya kuumba mfumo wa faili, kwa kawaida inodi moja kwa kila kilobaiti 16. Partisheni ya gigabaiti 60 hupata takribani inodi milioni 3.9. Zinaonekana nyingi mpaka programu fulani ianze kuacha kijifaili kimoja cha kikao kwa kila mgeni na isikifute kamwe. Ili kujua zimerundikana wapi:

du --inodes -x /var | sort -n | tail

Ukiipata saraka hiyo, rm * itakukatalia kwa kuwa orodha ya majina ni ndefu mno. Tumia find pamoja na -delete, na uweke sharti la umri wa faili ili usifute vikao vya watu walio kazini. XFS, mfumo mwingine wa faili, haina ukomo wa namna hii, kwa sababu inatenga inodi kadiri zinavyohitajika.

Kuna pia data iliyofunikwa. Kazi ya nakala za akiba inaandika kwenye /mnt/nakala, lakini usiku mmoja diski ya nje haikuwa imepachikwa, yaani haikuunganishwa na saraka hiyo, basi data yote ikaingia kwenye diski kuu. Kesho yake diski ya nje ikapachikwa juu yake, na ile data ikafunikwa. lsof haitakuonyesha kitu. Pachika diski kuu mahali pengine kwa mount --bind / /mnt/angalia, kisha du ipite humo. Bind ya kawaida haibebi vilivyopachikwa juu, hivyo kilichofunikwa kinajitokeza. Logi za systemd, programu inayosimamia huduma katika Linux, zipime kwa journalctl --disk-usage. Zenyewe hujiwekea ukomo wa asilimia 10 ya mfumo wa faili na hazivuki gigabaiti 4, basi ni mara chache ziwe chanzo kwenye diski kubwa.

Jambo la mwisho limewahi kunigharimu nusu saa nzima. Ext4 hutenga asilimia 5 ya vitalu kwa ajili ya ruti, yaani akaunti ya msimamizi mkuu. Diski inapojaa, huduma zinagoma, lakini wewe ukiingia kama ruti na kujaribu touch au kuandika faili dogo, inakubali. Unaanza kushuku ruhusa, unashuku programu, na diski ndiyo iliyojaa. Jaribu kuandika kwa akaunti ya huduma yenyewe. Akiba hiyo iache kwenye diski kuu, maana ndiyo inayokuwezesha kuingia na kufanya kazi siku ya shida. Kwenye diski ya data ya terabaiti 4, ambako ni takribani gigabaiti 200, naipunguza kwa tune2fs -m 1.

Asubuhi, saa nne, tulishusha kiwango cha logi, tukaandika kanuni ya saraka mpya, tukaifunga huduma kwa utaratibu na kuianzisha tena watu wote wakiwa wameshaarifiwa. Kijana aliendesha lsof +L1 mwenyewe. Prosesi ilikuwa na namba mpya, logi ilikuwa na jina lake, na katika orodha ile mstari wake haukuwepo tena.