Ontolojia si jedwali la hitilafu

Juzi nilioneshwa jedwali la Excel lenye safu tatu: hitilafu, sababu, suluhisho. Mwenye nalo akasema, kifua mbele, "Hii ndiyo ontolojia ya mtandao wetu." Ni mara ya tatu nasikia hivyo mwaka huu, nami uvumilivu umenishinda.

Kwa kifupi, ontolojia ni maelezo rasmi ya vitu vya uwanja fulani na uhusiano wake, yaliyoandikwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuyatumia kutoa hitimisho ambalo hakuna aliyeliandika. Seva hii inategemea swichi ile ya mtandao; swichi inategemea umeme wa kabati lile la vifaa. Basi seva nayo inategemea kabati, hata kama hukusema.

Neno lenyewe ni la wanafalsafa: Kigiriki *ontos*, "cha kilichopo", pamoja na *logia*, elimu. Mwanafalsafa Jacob Lorhard alilichapisha kwa Kilatini mwaka 1606. Watu wa akili bandia waliliazima baadaye, na mwaka 1993 mwanasayansi wa kompyuta Tom Gruber akalipa fasili inayonukuliwa hadi leo. Mwaka 2004 W3C, shirika la viwango vya wavuti, likapitisha lugha ya kuandikia ontolojia, OWL (Web Ontology Language), herufi zikapinduliwa makusudi ili zisomeke kama neno la Kiingereza la "bundi", ndege wa hekima kwa Wazungu. Kwetu, fundi akikwambia kaingiza bundi kwenye seva, unaita mganga.

Kinachonikera si ukubwa wa jedwali. Ni ukimya wake. Katika kanzidata, na jedwali ni hivyo hivyo, lisiloandikwa huhesabiwa halipo. Katika OWL, lisiloandikwa halijulikani tu. Kwa mtafuta hitilafu, hizo ni mbingu na ardhi: kifaa kisicholalamika si lazima kiwe kizima.

Chukua lile lalamiko la kila siku, "intaneti imekata". Jedwali linajibu: zima ruta, washa. Lakini unapiga ping, yaani unatuma ujumbe mfupi wa majaribio, kwa 8.8.8.8, namba ya seva ya Google, majibu yanarudi. Unaandika jina la tovuti, kimya. Ontolojia imeshaambiwa kwamba kufungua tovuti kwa jina kunahitaji njia ya kutokea nje na pia DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba, ilhali ping ya namba inahitaji njia peke yake. Njia imethibitika ni nzima. Ukiiongezea kanuni za uchunguzi, kidole kinaielekea DNS, na kinaielekea kama mshukiwa tu, kwa kuwa hakuna aliyeipima bado. Ruta wa watu hana kosa, muacheni.

Jedwali la mwenzangu ni zuri, nami nimelitumia usiku wa manane nikashukuru. Naomba tu liitwe orodha ya hitilafu. Siku ile safu ya "sababu" itakapotenganisha "inategemea", "inasababisha" na "huandamana na", nitaliita ontolojia changa bila kinyongo.