Hifadhi ya nyaraka ni nini, na kwa nini inagusa imani ya watu

Neno kumbukumbu lina kazi mbili katika Kiswahili. Kumbukumbu za marehemu ni yale yaliyobaki mioyoni mwa waliomfahamu. Kumbukumbu za kikao ni karatasi iliyosainiwa na mwenyekiti na katibu. Kuhifadhi nako ni hivyo hivyo: mtu huhifadhi Kurani kifuani, na mwingine huhifadhi mkataba kabatini. Lugha imeviweka vitu hivi viwili chini ya paa moja, na ina sababu nzuri. Lakini anayetaka kuelewa hifadhi ya nyaraka lazima kwanza avitenganishe.

Hifadhi ya nyaraka ni mkusanyiko wa maandishi, picha, ramani, sauti au data ambazo ofisi, familia au mtu mmoja alizitengeneza au kuzipokea akiwa katika shughuli zake, zikabakizwa kwa sababu thamani yake haikwisha pale shughuli ilipokwisha. Kwa jina hilo hilo huitwa pia jengo na taasisi inayozitunza. Si maktaba. Kitabu kiliandikwa ili kisomwe, na nakala zake ziko kwingi. Waraka uliandikwa ili kazi ifanyike: mshahara ulipwe, mfungwa ahamishwe, mtoto asajiliwe. Karani aliyeandika jina la mtoto huyo hakumfikiria mtafiti wa miaka sitini baadaye, na hapo ndipo waraka unapopata nguvu yake ya ushahidi. Wala si masijala. Masijala ina mafaili yanayotumika leo. Faili likishamaliza kazi ndipo linapokabiliwa na swali zito: libaki au liteketezwe?

Watu wengi hudhani kila kitu hubaki. Idara ya nyaraka ya taifa ya Marekani hueleza wazi kwamba katika nyaraka zote zinazozalishwa na serikali kuu, ni asilimia 1 hadi 3 tu zinazotunzwa milele. Hakuna hila hapo, maana hakuna nchi yenye rafu za kutosha kila karatasi. Ila ina maana kwamba historia tunayoisoma imekwisha kupita kwenye ungo, na ungo huo ulishikwa na mtu. Mara nyingi aliyeushika alikuwa mwajiriwa wa wenye mamlaka, na alibakiza kilichowafaa: kodi, ardhi, kesi, mipaka. Mwanamke ambaye hakumiliki shamba wala kushtakiwa hupotea, au huonekana kama mke wa fulani. Mtu aliyeuzwa utumwani huonekana kwenye orodha ya shehena, jinsia na umri, pengine bila jina. Anayesoma nyaraka hizo kana kwamba zinasimulia maisha yote ya watu hao anawadhulumu mara ya pili.

Katika utambulisho, uzito wa karatasi huonekana inapokosekana. Watu waliohamia Uingereza kutoka visiwa vya Karibi wakiwa watoto, wakaishi huko kihalali tangu kabla ya mwaka 1973, walijikuta miaka mingi baadaye wakidaiwa ushahidi wa karibu kila mwaka waliokaa nchini humo. Kadi za kuingilia nchini, ambazo zingeweza kuonyesha tarehe waliyoshuka melini, ziliteketezwa mwaka 2010 kwa uamuzi wa kiofisi. Kashfa ilipolipuka mwaka 2018, wapo waliokuwa wamekwisha kupoteza kazi, matibabu na makazi, na wengine wamefukuzwa katika nchi waliyokulia. Kilichobadilika kilikuwa karatasi. Watu walikuwa wale wale.

Upande wa pili wa jambo hilo ulionekana San Francisco. Tetemeko na moto wa Aprili 1906 viliteketeza kumbukumbu za vizazi za mji huo, wakati sheria ya mwaka 1882 ilikuwa ikiwazuia vibarua wa Kichina kuingia Marekani. Wachina wengi walidai kwamba walizaliwa mjini humo, na hakukuwa na daftari la kuwapinga. Wakapata uraia, na baadhi wakaleta vijana ambao hawakuwa wanao wa damu. Hao waliitwa wana wa karatasi. Walikariri habari za kijiji na nyumba ya baba wa kwenye fomu ili wayashinde maswali ya maofisa wa uhamiaji, na familia nyingi zilibaki na jina hilo la kuazima kizazi baada ya kizazi.

Sasa tuje kwenye imani ya umma. Shika faili moja la zamani. Kila karatasi iliyoingia humo ilipewa namba kwa kalamu kwenye kona ya juu, kwa mfuatano. Ukitoka namba 14 ukakuta 16, faili limekuambia kwamba kuna kitu kilichotolewa. Pengo ni ushahidi. Ndiyo sababu watunza nyaraka wanashikilia kanuni mbili kwa ukali: nyaraka za chanzo kimoja zisichanganywe na za kingine, na mpangilio aliouacha aliyezitengeneza usivurugwe.

Waliotaka kuficha waliyajua hayo vizuri. Uingereza ilipokuwa ikijiandaa kuondoka katika makoloni yake, maofisa waliagizwa kuchambua mafaili yale ambayo yangeweza kuiaibisha serikali yao. Mengine yalichomwa, na maelekezo yalitaka hata majivu yavunjwevunjwe. Mengine yaliruhusiwa kuzamishwa baharini ndani ya makasha yenye uzito, mbali na pwani, penye kina kirefu na pasipo mkondo. Pale ambapo kuondolewa kwa faili kungeonekana, iliagizwa litengenezwe faili bandia lishike nafasi yake. Hapo ndipo ninapoona uovu wa mpango ule ulipofikia kilele. Kuchoma ni kuharibu ushahidi. Kuweka faili bandia ni kumnyima msomaji hata nafasi ya kujua kwamba ameibiwa.

Yaliyosalia yalipelekwa Uingereza, yakaja kutunzwa kimya kimya katika jengo la serikali huko Hanslope Park. Mwaka 2011 serikali ilikiri kuwa nayo, mafaili takriban 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, baada ya wazee wa Kenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau kufungua kesi London. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya walalamikaji 5,228. Wazee hao walikuwa wakisimulia mateso yao miaka yote. Kumbukumbu ya kifuani haikutosha mpaka ile ya kabatini ilipotoka.

Ujerumani ilichagua njia nyingine. Januari 1990 wananchi waliingia kwa nguvu makao makuu ya Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, mjini Berlin. Nyaraka za Stasi zilizosalia nchini kote, zikipangwa rafuni, zina urefu wa takriban kilomita 111. Sheria ya Desemba 1991 ilimpa kila mtu haki ya kusoma faili lake mwenyewe, huku habari binafsi za watu wengine waliopelelezwa zikifunikwa. Wapo waliogundua kwamba aliyewachongea alikuwa rafiki au mwenza wa ndoa. Iliuma sana, lakini hakuna afisa aliyebaki na uwezo wa kuwatisha kwa siri alizozikalia.

Kwa hiyo umma hauamini hifadhi kwa sababu ina kila kitu, maana hakuna iliyo hivyo. Huiamini pale unapoweza kujua kilichopo, kilichoondolewa, aliyekiondoa na kwa kibali gani, na mtu wa kawaida anapoweza kuingia na kuomba faili. Ufaransa iliandika haki hiyo katika sheria mwaka 1794. Nyaraka za kidijitali zimeifanya kazi iwe ngumu zaidi: barua pepe ikifutwa haiachi majivu. Ndiyo sababu hifadhi makini hukokotoa alama ya kihisabati ya kila faili linapopokelewa. Herufi moja ikibadilishwa, alama hailingani tena.

Kilichoungua nacho si lazima kipotee chote. Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ofisi ya nyaraka ya Ireland mjini Dublin ililipuka ikiwa na maandishi ya karne saba. Miaka 100 baadaye, Juni 2022, hazina yake ya kidijitali ilifunguliwa kwa kila mtu. Imejengwa kwa nakala, muhtasari na barua zilizokusanywa kutoka hifadhi nyingine, karatasi ambazo makarani wa zamani walizinakili kwa ajili ya kazi zao za siku hiyo.