Mteremko wa athari: mbwa mwitu wa Yellowstone walibadili nini hasa?

Katika ikolojia kuna dhana tunayoweza kuiita mteremko wa athari. Ukimwondoa au kumrudisha mnyama anayekaa juu kabisa kwenye mnyororo wa chakula, jambo hilo haliishii kwake. Linashuka kwa mawindo yake, kutoka hapo hadi kwenye mimea ambayo mawindo hayo hula, na mara nyingine linafika mpaka kwenye maji na udongo. Simba wakitoweka, swala huzidi; swala wakizidi, miche hailali salama. Wazo lenyewe ni jepesi. Kulithibitisha porini ndiyo kazi.

Jina la kitaalamu la dhana hii, kwa Kiingereza "trophic cascade", lilitolewa na mwanaikolojia Robert Paine mwaka 1980, ila shughuli yake ilianza mapema zaidi. Mwaka 1963 alianza kubandua viti vya pweza, yaani samaki nyota, kwenye miamba ya pwani ya jimbo la Washington na kuwatupa baharini. Kwa kuwa mlaji wao hayupo, kome wakatanda, na viumbe wengine wengi wakakosa pa kushika. Mwamba ni mdogo, unaweza kuuzunguka na kuhesabu. Hifadhi ya taifa si hivyo.

Mfano unaotajwa kuliko yote, na mara nyingi kwa kutiwa chumvi, ni wa Yellowstone, magharibi ya Marekani. Mbwa mwitu wa huko ni wa kijivu, wa nchi za baridi. Wale wa madoa wa Afrika nitawafikia. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1872, lakini enzi hizo ulinzi ulikuwa wa wanyama wanaopendeza tu. Mbwa mwitu walipigwa risasi, wakategwa, wakawekewa sumu, hadi wa mwisho wakauawa mwaka 1926. Elki, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake hupita kilo 300, akastarehe. Wakawa wengi kiasi kwamba askari wa hifadhi wenyewe walikuwa wakiwapunguza kwa bunduki, mpaka malalamiko ya watu yakasimamisha zoezi hilo mwishoni mwa miaka ya 1960.

Januari 1995 serikali ilileta mbwa mwitu 14 kutoka Alberta, Kanada, na mwaka 1996 wengine 17 kutoka British Columbia. Wakati huo kundi la elki wa kaskazini mwa Yellowstone lilikuwa na takriban 19,000. Kufikia 2013 walikuwa chini ya 4,000.

Hapo ndipo ubishi ulipowaka. Wawindaji wakasema: mnaona, mbwa mwitu wamemaliza elki. Wapenzi wa mbwa mwitu wakasema: mnaona, mazingira yamepona. Pande zote mbili zinambebesha mnyama mmoja kila kitu. Majira ya baridi ya 1996/97 yalikuwa makali mno. Dubu, ambao nao waliongezeka, hula ndama wa elki wakingali wachanga. Puma, paka wakubwa wa Amerika, walikuwepo. Binadamu naye aliendelea kuwinda elki waliovuka mpaka wa hifadhi, tena majike wenye uwezo wa kuzaa. Ukame ukaongezea. Mbwa mwitu wana sehemu yao katika hesabu hiyo, na si ndogo, lakini si hesabu yote. Ukitoka nje ya hifadhi, sehemu nyingi za Montana zina elki kupita lengo la jimbo lenyewe, na mwenye ranchi analalamika kwamba wanamlia nyasi alizowawekea ng'ombe.

Sasa tuangalie mimea, maana ndiko dhana inakopimwa. Simulizi maarufu ni kwamba mbwa mwitu walirudi, elki wakaogopa kusimama kando ya vijito, mierebi (miti na vichaka vya kando ya maji) ikarefuka, biva (wanyama wa majini wanaokata matawi kwa meno) wakarudi kujenga mabwawa, mito ikatulia. Inavutia sana. Ipo mierebi iliyorefuka, na biva wameongezeka kweli, ingawa baadhi yao waliachiliwa na watu kwenye misitu jirani hata kabla ya 1995. Ama kuhusu woga, elki si mjinga: mbwa mwitu huwinda zaidi alfajiri na jioni, na elki huenda sehemu za hatari saa nyingine.

Kikwazo kikubwa kiko chini ya ardhi. Katika ile miaka takriban 70 bila mbwa mwitu, elki walikula mierebi mpaka biva wakakosa chakula na matawi ya kujengea. Mabwawa yakabomoka, vijito vikachimba mikondo yenye kina kirefu, maji ya ardhini yakashuka mbali na mizizi. Kumrudisha mbwa mwitu hakupandishi maji hayo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado walilijaribu jambo hili tangu 2001: sehemu nyingine walijenga mabwawa ya kuigiza ya biva, nyingine wakazungushia uzio, nyingine wakafanya yote mawili. Mierebi ilinawiri hasa pale ilipopata maji na pia kukingwa dhidi ya wala majani. Kwenye sehemu zilizoachwa zijiendee, baada ya miaka 20 mingi bado ilikuwa mifupi. Isitoshe, nyati wa Marekani wameongezeka, nao wanaila.

Laikipia, Kenya, ilitoa jibu linalofanana. Mbwa mwitu wa Afrika walirejea huko wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000. Digidigi wakapungua. Utafiti uliochapishwa 2015 ukaangalia kama miti ingeongezeka kwa sababu hiyo, na haikuongezeka. Athari ilishuka ngazi moja ikakwama.

Kwa upande wa mifugo, ubishi unaharibiwa na wastani. Katika majimbo ya Marekani yenye mbwa mwitu, ng'ombe wanaouawa na mbwa mwitu ni sehemu ndogo sana ya vifo vyote vya ng'ombe. Maradhi na hali ya hewa huua zaidi. Ni kweli, lakini mfugaji halishi wastani. Ranchi nyingi hazipotezi hata ndama mmoja, na chache hupigwa msimu hadi msimu. Ili alipwe fidia lazima mzoga uonekane mapema. Mkaguzi huuchuna ngozi na kutafuta damu iliyovilia chini yake, kwa kuwa mzoga uliong'atwa baada ya kufa hauvilii damu hivyo, kisha hupima umbali kati ya matundu ya meno. Ndama aliyeliwa mlimani akabaki mifupa hana ushahidi. Jimbo la Wyoming wanalijua hilo, ndiyo maana kwa ndama mmoja aliyethibitishwa sheria inaweza kuruhusu malipo ya hadi saba. Na hakuna mkaguzi anayepima ng'ombe aliyekonda kwa kukimbizwa usiku.

Jimbo la Colorado walilipeleka suala la kurudisha mbwa mwitu kwenye kura mwaka 2020. Waliosema ndiyo walishinda kwa tofauti ndogo, wengi wao wakazi wa miji ya mashariki ya milima. Mbwa mwitu wa kwanza, kutoka Oregon, waliachiliwa Desemba 2023 upande wa magharibi, kwenye ardhi ya umma, na karibu miezi minne baadaye ndama wa kwanza akathibitishwa kuuawa. Fidia huko inaweza kufika dola 15,000 kwa mnyama mmoja.