Chuo kimeuza maarifa kiasi gani? Safari ya ankara moja hadi kwenye daraja la KEF

Mwaka wa hesabu wa vyuo vikuu vya Uingereza hufungwa tarehe 31 Julai. Baada ya hapo watu wawili ambao kwa kawaida hawaivi chungu kimoja, mhasibu wa chuo na ofisa wa ushirikiano na viwanda, hulazimika kukaa meza moja kujaza dodoso liitwalo HE-BCI, la ushirikiano wa vyuo na biashara na jamii. Linakusanywa na HESA, wakala wa takwimu za vyuo vikuu, ambayo tangu 2022 ni sehemu ya Jisc, shirika la huduma za kidijitali kwa vyuo. Majibu yake ndiyo hulisha KEF, mfumo wa England wa kuvipa vyuo daraja kwa ubadilishanaji wa maarifa, na sehemu kubwa ya maswali inazunguka jambo moja: katika miezi 12 iliyopita nani wa nje amelipia ujuzi wenu, kiasi gani, na kwa kazi ya aina gani?

Wanaozitazama habari hizi kwa mbali hudhani kipimo kikuu ni hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi. Sivyo. Dodoso linafuatilia kwanza milango ya kawaida kabisa: utafiti wa mkataba, ushauri elekezi, ukodishaji wa maabara na mitambo, kozi fupi kwa watu walio kazini, miradi ya kuinua uchumi wa eneo. Leseni na kampuni zinazozaliwa chuoni zimo pia, na ndizo zinazopigwa picha.

Tuchukue mfano wa ankara moja. Kiwanda cha rangi chenye wafanyakazi 60 kinaona rangi yake ya ukutani inabanduka baada ya msimu mmoja wa baridi. Kinabisha hodi idara ya kemia, kazi inafanyika, na chuo kinatoa ankara ya £18,000. Fedha hizo zinaingia safu ipi?

Fundi wa maabara akipokea sampuli, akaziweka kwenye mashine, akarudisha tarakimu, hiyo ni huduma ya mitambo. Mhadhiri akitumia anachokijua tayari, akasema tatizo liko kwenye kiungo kinachoshikilia rangi na akapendekeza kingine, ni ushauri elekezi: akili nyingi imetumika, lakini hakuna maarifa mapya yaliyozaliwa. Ikiwa jibu halijulikani popote na idara inapaswa kufanya majaribio ili ilipate, ni utafiti wa mkataba. Kiasi ni kilekile, £18,000, ila maana yake kwenye kipimo ni tatu tofauti. Mpaka kati ya ushauri na utafiti ndio unaozua ubishi mwingi. Swali linalosaidia ni hili: kazi ilipoanza, kuna mtu chuoni aliyekuwa na jibu? Kama alikuwepo, andika ushauri.

Halafu ankara yenyewe. Juu ya £18,000 kuna VAT ya asilimia 20, kwa hiyo jumla iliyo mwisho wa ankara inasomeka £21,600. Anayenakili jumla hiyo amehesabu kodi ya serikali kuwa ni maarifa. Ni kosa la kijinga, na ndiyo maana halionekani kirahisi.

Swali la pili ni ukubwa wa mteja. Kwa kanuni za huko, biashara ndogo au ya kati ina wafanyakazi pungufu ya 250 na mauzo yasiyovuka kikomo kilichowekwa. Kiwanda chetu cha watu 60 kinaonekana kimetimiza sharti. Lakini kama hisa zake nyingi zinamilikiwa na kundi la kampuni lenye watu 9,000, basi ni sehemu ya kampuni kubwa. Hilo linatakiwa kuulizwa siku ya kusaini mkataba, kwa sababu ikifika Julai hakuna anayekumbuka, na mhasibu ataangalia jina tu na kubahatisha. Kubahatisha huko kuna gharama: HEIF, mfuko wa ubunifu ulioanza 2001 na unaogawa fedha kwa vyuo vya England kwa fomula, huhesabu mapato kutoka biashara ndogo na za kati mara mbili. Pauni moja kutoka kiwanda kidogo ina uzito wa pauni mbili. Chuo ambacho mgawo wake kwa fomula haufiki £250,000 hakipati kitu, na kinachopata huwekewa breki ili mgawo usipande wala kushuka ghafla mwaka hadi mwaka.

Makosa mengine nitayapitia haraka. Mkataba wa £90,000 wa miaka 3 si £90,000 ya mwaka huu. Kinachohesabiwa ni mapato yaliyoingizwa kwenye hesabu za mwaka husika. Mradi wa pamoja wenye ruzuku ya serikali na mchango wa kampuni una safu yake; ukiuweka pia kwenye utafiti wa mkataba umeuhesabu mara mbili. Na mhadhiri anayefanya ushauri kwa jina lake binafsi, fedha zikaingia mfukoni mwake, kwa dodoso hajafanya kitu. Hili la mwisho si la uongo wala wizi, vyuo vingi vinaruhusu. Ila linaonyesha kwamba kipimo kinaona kile tu kilichopita kwenye daftari la chuo.

Sasa tarakimu zinapanda ngazi. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kwamba England itakuwa na mfumo wa kupima ubadilishanaji wa maarifa, KEF, chini ya Research England, taasisi ya umma inayogawa fedha za utafiti kwa vyuo, na matokeo ya kwanza yalitoka Machi 2021. KEF hulitazama suala kwa nyanja 7: ushirika wa utafiti, kazi na biashara, kazi na sekta ya umma na asasi zisizo za faida, stadi na ujasiriamali, ukuaji wa eneo, miliki ubunifu na ubiasharishaji, na ushirikishaji wa jamii. Sehemu kubwa ya vipimo hutoka HE-BCI ileile, wastani wa miaka 3, ili mkataba mmoja mnono usikipandishe chuo kwa mwaka mmoja na kukidondosha unaofuata.

Jambo ninalolipenda katika KEF ni kwamba haipangi vyuo kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Vyuo vimewekwa kwenye makundi ya vinavyofanana: kundi V ni vile vikubwa sana vyenye utafiti mwingi sana, kuna E, J, M na X, na kuna makundi mawili ya vyuo maalumu, la sanaa na la sayansi na uhandisi. Chuo cha muziki hakishindanishwi na Cambridge kwa mapato ya leseni. Msomaji huoneshwa daraja la chuo katika kila nyanja pamoja na wastani wa kundi lake, na pembeni yake maelezo ambayo chuo kimeyaandika chenyewe.

Ushirikishaji wa jamii ndio nyanja iliyobaki nyuma. Hapo alama zinatokana na chuo kujitathmini. Haikupatikana ankara ya kuhesabu.

Utamu na hatari vyote viko kwenye kigawanyo. Mapato ya biashara hugawanywa kwa mapato yote ya chuo, ili wakubwa wasishinde kwa ukubwa tu. Lakini mapato ya leseni hugawanywa kwa mapato ya utafiti. Tuseme chuo kidogo kina leseni za £150,000 na utafiti wa £2,000,000: asilimia 7.5. Chuo kikubwa kina leseni za £9,000,000 na utafiti wa £500,000,000: asilimia 1.8. Mdogo kampita mkubwa mara nne. Je, ni bora mara nne katika kuhawilisha teknolojia? Huenda kina programu moja ya kompyuta inayouzika, basi. Kipimo hakijadanganya, kimejibu swali lililoulizwa, yaani leseni zinaleta nini kwa kila pauni ya utafiti.

Kwa kampuni zinazozaliwa chuoni, kigawanyo kinaumiza upande mwingine. Kimojawapo cha vipimo ni wastani wa uwekezaji wa nje kwa kila kampuni. Chuo chenye kampuni 5 zilizovuta jumla ya £10,000,000 kina wastani wa £2,000,000. Chenye kampuni 25 zilizovuta £20,000,000 kina £800,000. Cha pili kimevuta fedha maradufu na kiko chini. Nakiona kipimo hiki kuwa dawa ya ugonjwa wa zamani, wa kusajili kampuni za makaratasi ili idadi inenepe, lakini ni dawa inayowaadhibu pia wanaojaribu mambo mengi madogo. Ndiyo maana dodoso huuliza zaidi ya idadi ya zilizosajiliwa: kampuni ngapi bado ziko hai baada ya miaka 3, zimeajiri wangapi, mauzo yake ni kiasi gani. Kwa biashara za wahitimu kuna sharti la ziada, kwamba chuo kiwe kimewapa msaada rasmi. Mhitimu aliyefungua duka kwa nguvu zake si mafanikio ya chuo.

Marekani njia ilikuwa nyingine. Sheria ya Bayh-Dole ya 1980 iliviruhusu vyuo kumiliki uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali kuu, na tangu 1991 AUTM, chama cha wasimamizi wa teknolojia za vyuo, hukusanya takwimu za uvumbuzi ulioripotiwa, maombi ya hataza, leseni, mrabaha na kampuni mpya. Mkazo uko kwenye miliki ubunifu, na hapo ndipo wastani unapoteza maana. Chuo Kikuu cha Northwestern kiliuza sehemu ya mrabaha wake wa Lyrica, dawa ya maumivu ya neva, mwaka 2007 kwa dola milioni 700. Molekuli yake ilitengenezwa kwenye maabara ya profesa Richard Silverman mwishoni mwa miaka ya 1980, na dawa ikaidhinishwa Marekani Desemba 2004. Miaka kama 15 ya kusubiri. Ofisi ya leseni iliyopimwa mwaka 1995 ingeonekana imelala, na ya mwaka 2007 ingeonekana ina wachawi. Watu waliofanya kazi hiyo ya msingi walishaifanya zamani.

Ukitaka kuona mafanikio yakipimwa kwa karibu zaidi, tazama KTP (Knowledge Transfer Partnerships), mpango wa Uingereza wa kuhamisha maarifa kutoka chuoni kwenda kwenye kampuni. Mpango huu una jina hilo tangu 2003, lakini mzizi wake ni wa 1975. Unaunganisha pande tatu: kampuni, chuo, na mhitimu anayeajiriwa na chuo lakini anakaa kwenye kampuni kwa miezi 12 hadi 36. Biashara ndogo au ya kati huchangia takriban theluthi ya gharama, kampuni kubwa takriban nusu, serikali hubeba zilizobaki. Mhadhiri anatoa nusu siku kwa wiki. Kamati ya mradi hukutana kila miezi 4 na kupitia mpango kazi mstari kwa mstari. Faida inayotarajiwa na kampuni huandikwa kwenye maombi kabla ya siku ya kwanza, kwa hiyo mwishoni kuna kitu cha kulinganisha nacho. Miradi mingi ya ushauri haina hilo: inaisha kwa ripoti nzuri na hakuna anayejua kama rangi iliacha kubanduka.

Ofisi za uhawilishaji wa teknolojia za kwetu zinaweza kuazima mengi hapa, ila zisiazime kikomo cha 250. Sera ya Tanzania ya 2003 inaweka biashara ya kati kwenye wafanyakazi 50 hadi 99, na sheria ya Kenya ya 2012 kuhusu biashara ndogo inaishia watu 50. Kiwanda cha watu 150 ni cha kati London na ni kikubwa Dar es Salaam. Kila takwimu ya Uingereza kuhusu biashara ndogo na za kati isomwe hivyo.

Hati za makubaliano (MoU) nazo hazimo kwenye vipimo vya fedha vya HE-BCI, hata moja. Ripoti inayoanza na idadi ya hati zilizosainiwa imehesabu kalamu.

Cha kuanzia ni jedwali moja la mikataba, linalojazwa siku ya kusaini na mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Safu zinazohitajika: mteja, mmiliki wake wa juu, idadi ya wafanyakazi, aina ya kazi kati ya zile tatu, thamani bila kodi, mgawanyo wa thamani kwa kila mwaka wa hesabu, nani anamiliki matokeo, mhadhiri anaruhusiwa kuchapisha au la, na tatizo la mteja kwa sentensi moja, kwa maneno yake mwenyewe. Safu hiyo ya mwisho haitaingia kwenye dodoso lolote. Weka pembeni yake tarehe, miezi 12 baada ya kazi kukabidhiwa, ya kumpigia simu na kumsomea sentensi yake.