Jeni za ukali wa bakteria: maana yake kwa mgonjwa wa lukemia

Jeni za ukali ni zile zinazompa bakteria silaha za kumdhuru mtu. Chukua E. koli, ambaye wengi wetu tunaishi naye utumboni bila madhara. Baadhi yao wana jeni za pap, zinazotengeneza vinyweleo vya kung'ang'ania kuta za njia ya mkojo. Wengine wana hly, ya sumu inayopasua chembe za damu, au iuc, ya kunyang'anya madini ya chuma ya mwili. Kwa mtu mwenye kinga timamu, bakteria anayefanikiwa kufika kwenye damu aghalabu ni yule aliyejihami hivyo.

Jeni hizi zisichanganywe na za usugu. Usugu humkinga bakteria dhidi ya dawa. Ukali humsaidia kushambulia. Maabara ikiotesha damu ya mgonjwa kwa kawaida hupima usugu tu.

Kwenye lukemia, yaani saratani ya damu, mambo hugeuka. Ugonjwa wenyewe na dawa za kemo za kuua saratani hushusha niutrofili, chembe nyeupe zilizo askari wa kwanza wa damu, pengine hadi chini ya 500 kwa kila mikrolita. Kemo hiyohiyo huchubua utando wa mdomo na utumbo, na bakteria hupenya hapo. Tafiti zilizolinganisha E. koli waliotoka kwenye damu zimeona kwamba wale wa wagonjwa wenye niutrofili chache mara nyingi wana jeni za ukali pungufu. Yaani bakteria mnyonge, asiyemtisha jirani, anaweza kumuua mgonjwa huyu. Ndiyo maana naona si sahihi kuupima ukali kwa jeni peke yake bila kutazama kinga ya aliyeambukizwa.

Tena maambukizi yenyewe hujificha. Usaha kwa sehemu kubwa ni niutrofili zilizokufa. Zisipokuwepo, kidonda kinaweza kuwa kibaya na kisitunge usaha. Dalili pekee huweza kuwa homa. Mzazi wa Mbagala au Kigamboni ambaye mwanawe anatibiwa Muhimbili, kipimajoto cha kwapani kikisoma nyuzi 38 saa nane usiku, asimpe parasetamoli akangoja kupambazuke, kwa sababu itashusha joto huku bakteria wakizaana. Aende hospitali usiku huohuo, na neno la kwanza mapokezi liwe kwamba mtoto yuko kwenye kemo, maana antibiotiki ya mshipa inatakiwa ianze ndani ya saa moja tangu afike, hata kabla majibu ya maabara hayajatoka.