Programu Huria: Tuanze kwa Kuliacha Neno "Bure"

Anayewapelekea watu elimu ya programu huria hujikwaa mapema anapotangaza kwamba ni "za bure". Kwa Kiswahili, bure ni kisicholipiwa, lakini pia ni kisicho na faida; mtu husema amehangaika bure. Msikilizaji huondoka akidhani kaletewa kitu hafifu, au cha majaribio kitakachojifunga baada ya siku 30. Sema huria, kisha eleza uhuria wenyewe, ambao umo kwenye leseni: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo chanzo (maandishi ya watengenezaji yanayounda programu) na kuubadilisha, kugawa nakala, na kugawa hata nakala uliyoibadilisha. Ziko programu nyingi zisizolipiwa ambazo haziruhusu kuguswa msimbo wake hata kidogo.

Historia isimalize muda. Inatosha kusema kwamba Richard Stallman alitangaza GNU, mradi wa kuunda mfumo huria wa kompyuta, mwaka 1983, kwamba Linus Torvalds alitoa Linux, kiini kinachoendesha mfumo wa kompyuta, mwaka 1991, na kwamba kiini hicho cha Linux ndicho kilichomo ndani ya simu za Android.

Waombe washiriki waje na hati zao wenyewe, barua au ripoti ya kazini, wazifungue kwa LibreOffice, programu huria ya kuandikia hati, kwenye mfumo uleule walionao. Hakuna kinachofutwa, na asiyeridhika anaiondoa. Lalamiko la kwanza linajulikana: kurasa tatu zimekuwa nne, jedwali limehama. Mara nyingi tatizo ni fonti, yaani mtindo wa herufi. Hati iliyoandikwa kwa Calibri, ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo nayo, hupewa fonti nyingine. Herufi zikiwa pana zaidi, neno la mwisho hushuka mstari wa chini, na hati nzima husukumana. Sakinisha Carlito badala ya Calibri, na Caladea badala ya Cambria. Upana wa herufi zake ni uleule, kwa hiyo mistari hurudi mahali pake. Fanyeni hivyo mbele ya mwenye hati, kwa sababu mtu akiona chanzo cha tatizo haiiti tena programu mbovu.

Anayetaka kuijaribu Linux kama mfumo kamili wa kompyuta yake, mpeni flashi ya GB 8. Kosa la kawaida ni kunakili faili la ISO, lenye mfumo mzima ndani yake, kwenye flashi kama wimbo; kompyuta haitawaka nayo. Lazima liandikwe kwa programu kama Rufus au balenaEtcher, na kazi hiyo hufuta kila kilichokuwa kwenye flashi. Kabla ya hapo linganisheni alama ya SHA-256 ya faili hilo, inayoonyesha kama limepakuliwa sawasawa, yenye tarakimu na herufi 64, na ile iliyotolewa na waundaji. Ikitofautiana hata moja, pakueni upya. Kompyuta ikiwaka kwa flashi, mtumiaji ajaribu sauti, waifai na printa. Diski ya kompyuta yake haiguswi hadi achague kusakinisha. Waifai isipoonekana, mara nyingi kinachohitajika ni kiendeshi, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa hicho: unganisheni simu kwa waya wa USB, mtumie intaneti yake kukipata.

Kusakinisha kusifanyike kwa pupa. Nakala rudufu iwe kwenye diski nyingine, na ifunguliwe ithibitike kuwa nzima. Kompyuta yenye BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski kwa ufunguo, inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48 mipangilio ya kuwaka ikibadilishwa. Asiye na ufunguo huo mkononi, kompyuta yake isiguswe siku hiyo.

Faili la Linux Mint, mojawapo ya mifumo ya Linux, lina takriban GB 3. Watu 20 wakilipakua kwa laini moja, siku itaisha hakuna aliyemaliza. Lipakueni mara moja siku iliyotangulia, mligawe kwa flashi. Wakati wa kugawa, waambieni wazi kwamba leseni inaruhusu, kwani wengi wamezoea kunakili programu kwa siri na hudhani hata hii ni wizi. Kila mmoja aondoke na nakala yake, pamoja na karatasi yenye hatua za kuiandika flashi nyingine, ili akampe jirani.